Lango la mawe kwenye picha ya baba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu tuitundike picha hii sebuleni kwa mama, hapa Mbeya, kila mgeni anauliza. Wengine wameiona kwenye simu za ndugu zetu na kuuliza kutoka Iringa, Makambako na Tukuyu. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo nimeyaandika majibu mara moja. Mpangilio ni ule ule maswali yalivyonijia.

Picha yenyewe inaonyesha nini?

Ni picha nyeusi na nyeupe, ndogo kuliko kiganja, kingo zake zimekatwa kwa mawimbi kama biskuti. Vijana wanne wa Kitanzania wamesimama mbele ya lango la mawe meupe. Lango lina nguzo nne na nafasi tatu za kupita, ya katikati pana kuliko mbili za pembeni, na juu yake kuna mapaa ya vigae yaliyopinda kingo kuelekea juu. Chini ya paa la katikati, kwenye ubao wa jiwe, kuna herufi nne za Kichina. Kijana wa pili kutoka kushoto, mwenye kola ndefu, ni baba yangu.

Nyuma ameandika kwa wino: "Jumapili, bustanini, na wenzangu." Hakuandika mji wala mwaka. Tuliikuta kwenye mkoba wake wa kazini wiki mbili baada ya kumzika, ikiwa imekunjwa ndani ya karatasi zake za kustaafu TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia.

Basi ni lango gani?

Ni lango lililo ndani ya bustani ya Zhongshan, mjini Beijing, upande wa magharibi wa Tiananmen. Ukiingia kwa mlango wa kusini huwezi kulikosa. Kwa Kichina linaitwa Baowei Heping, yaani Kulinda Amani. Ila hilo ni jina lake la tatu, na hapo lilipo ni makazi yake ya pili.

Mlijuaje?

Kwa kukosea kwanza. Mama mdogo alisema ni Japani, kwa sababu "mapaa ya hivyo ni ya Japani". Mjomba akasema India, kwa kuwa kuna fundi mmoja wa reli aliwahi kwenda huko. Mpwa wangu akasema Tiananmen, maana kwake kila kitu cha Beijing ni Tiananmen. Tiananmen ni jengo zima: ukuta mkubwa mwekundu wenye mapito matano chini na ukumbi juu. Hili letu unaweza kulizunguka kwa miguu huku ukimalizia muhindi wa kuchoma.

Nikaipeleka picha stesheneri moja pale Mwanjelwa, nikamwomba kijana aiskani kwa nukta 1200 kwa inchi badala ya zile 300 alizozoea. Alinung'unika kwamba mashine itachelewa, nikamwambia nina siku nzima. Kwa ukubwa ule, herufi ambazo zilikuwa madoa zikaanza kuwa na mikono na miguu. Programu ya kutafsiri kwenye simu ilisoma mbili tu kati ya nne: heping, amani.

Hapo nikapotea kwa siku kadhaa. Beijing kuna mahali panapoitwa Hepingmen, Lango la Amani, nikashangilia mapema. Kumbe lile lilikuwa lango la ukuta wa mji, njia ya kupitia watu na magari. Lilishabomolewa, na jina limebaki kwa stesheni ya treni ya chini ya ardhi. Baba na wenzake wasingeweza kupiga picha mbele yake bustanini.

Aliyenitoa gizani ni fundi mmoja wa Kichina aliyekuwa kwenye kazi ya barabara. Nilimwonyesha simu, akasoma herufi zote nne kabla sijamaliza kusalimia, akacheka, akasema shangazi yake ana picha mahali hapo hapo. Lakini sikuishia kwenye neno lake. Nilitafuta picha za sasa za lango hilo, nikalinganisha na yetu jambo moja moja: idadi ya nguzo, umbo la misingi yake, michoro iliyochongwa kwenye boriti, na miti mirefu ya saipresi nyuma. Ile miti ndiyo iliyonikata kiu. Baba alikuwa ameandika "bustanini" siku zote, na sisi tulikuwa tunaliruka hilo neno kama vile halina kazi.

Kwa nini haiwezi kuwa Japani, Korea au India?

Lango la Kijapani la mahali patakatifu, torii, kwa kawaida lina nguzo mbili na mihimili miwili juu, halina paa la vigae. La Korea, hongsalmun, ni nguzo mbili nyekundu zenye safu ya vijiti kama mishale juu. Malango ya mawe ya Sanchi, India, yana nguzo mbili na mihimili mitatu iliyojaa michongo. Ukiona nguzo nne zimesimama mstari mmoja, mapaa madogo juu na ubao wa maandishi katikati, unatazama paifang, lango la sherehe la Kichina, au nakala yake.

Jina lake la kwanza lilikuwa lipi?

Lilikuwa lango la kuomba radhi, na aliyeombwa radhi ni Mjerumani.

Juni 20, 1900, balozi wa Ujerumani nchini China, Clemens von Ketteler, alipigwa risasi barabarani Beijing akiwa njiani kwenda kwenye ofisi ya mambo ya nje ya serikali ya China. Ilikuwa wakati wa vuguvugu la Yihetuan la kupinga wageni, ambalo Wazungu waliliita la Mabondia. Majeshi ya mataifa manane yaliingia Beijing mwezi Agosti mwaka huo. Askari aliyempiga balozi, En Hai, alinyongwa au kukatwa kichwa? Watu huniuliza hivyo kila mara. Alikatwa kichwa, siku ya mwisho ya mwaka 1900, mahali pale pale alipompigia balozi.

Haikutosha. Mkataba uliosainiwa Septemba 7, 1901 uliibebesha China fidia ya tael milioni 450 za madini ya fedha (tael ni kipimo cha Kichina cha uzito), na kifungu chake cha kwanza kilihusu huyo balozi mmoja. Mwanamfalme Chun alitumwa hadi Berlin kuomba radhi. Na China ikatakiwa kujenga, mahali alipouawa, ukumbusho wenye hadhi inayomfaa marehemu, wenye maneno ya masikitiko ya mfalme wa China kwa lugha tatu: Kilatini, Kijerumani na Kichina. Ukumbusho huo ndio lango letu. Lilimalizika mwaka 1903, likakaa kukatiza barabara, kiasi kwamba kila aliyepita alipita chini ya ile radhi, apende asipende.

Nimeona picha za lango hili likiwa katikati ya barabara yenye mikokoteni. Ipi ni ya kweli?

Zote, na tofauti hiyo ndiyo saa ya kupimia picha yako.

Likiwa barabarani, maduka kulia na kushoto, mikokoteni ikipita chini yake, picha ni ya kati ya 1903 na 1918. Kadi nyingi za posta za Wajerumani zinalionyesha hivyo, na kwenye kadi hizo jina la Ketteler limechapwa chini. Novemba 1918, habari za Ujerumani kushindwa katika Vita Kuu ya Kwanza zilipofika Beijing, watu walianza kulibomoa. Mawe yakahamishiwa kwenye bustani iliyokuwa ikiitwa Bustani ya Kati, lango likasimamishwa upya na kupewa herufi nne nyingine: Gongli Zhansheng, Haki Imeshinda. Hapo halina barabara tena, lina miti. Bustani ilibadilishwa jina kuwa Zhongshan mwaka 1928, kwa heshima ya Sun Yat-sen, mwasisi wa jamhuri ya China, ambaye Wachina humwita Sun Zhongshan na ambaye jeneza lake liliwekwa humo mwaka 1925.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, baada ya mkutano wa amani wa nchi za Asia na Pasifiki uliofanyika Beijing Oktoba 1952, maneno yakabadilishwa tena. Haki Imeshinda ikatoka, Kulinda Amani ikaingia, kwa mwandiko wa Guo Moruo, mshairi na mwanazuoni. Kwa hiyo picha ya bustanini yenye Kulinda Amani haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Ukisoma herufi vizuri, hata kama humjui mtu yeyote kwenye picha, umeshakata nusu ya karne.

Haya ni mambo ya China na Ujerumani. Sisi wa nyanda za juu yanatuhusu nini?

Swali hili liliulizwa kwa ukali na mzee mmoja wa Iringa, nami nilimjibu kwa heshima kwamba yanamhusu yeye kuliko mimi.

Miongoni mwa maofisa wa Kijerumani waliopelekwa China mwaka 1900 alikuwemo Paul von Lettow-Vorbeck. Ndiye huyo huyo aliyeongoza jeshi la Wajerumani hapa kwetu tangu 1914. Mwezi ule ule wa Novemba 1918 watu wa Beijing walipokuwa wanang'oa mawe ya lango, yeye alikuwa ametoka kupita Songea na Njombe akivuka kuingia Zambia ya leo, wapagazi wakifa njiani kwa njaa na homa. Hao hawakujengewa lango na mtu.

Halafu kuna mkataba wa Versailles, wa Juni 28, 1919, wa amani na Ujerumani baada ya vita hiyo. Ibara ya 131 inaiagiza Ujerumani irudishe China vyombo vya kutazamia nyota ambavyo wanajeshi wake walivibeba kutoka Beijing mwaka 1900 na 1901. Geuza kurasa hadi ibara ya 246: Ujerumani ikabidhi kwa serikali ya Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa, mtawala wa Wahehe wa Iringa. Vyombo vya nyota vilirudi baada ya miaka michache. Fuvu lilisubiri hadi Juni 19, 1954, gavana Edward Twining alipolikabidhi Kalenga mbele ya Chifu Adam Sapi Mkwawa. Mkwawa alikuwa amekufa tangu Julai 1898, kwa mkono wake mwenyewe, ili asikamatwe.

Mzee akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo Mjerumani mmoja akifa China, anajengewa lango. Na Zelewski aliyekufa Lugalo je?" Zelewski, kamanda wa kikosi cha Wajerumani, aliuawa na Wahehe Agosti 17, 1891, na Wajerumani walimwekea mnara wa kumbukumbu pale Lugalo, ambao bado upo kando ya barabara. Tofauti ni kwamba ule waliujenga wenyewe. Hili la Beijing waliwajengesha Wachina.

"Haki Imeshinda" ilikuwa ya kweli?

Wanafunzi wa Beijing hawakuona hivyo. Walipopata habari kwamba huko Versailles haki za Ujerumani katika jimbo la Shandong zinapewa Japani badala ya kurudishwa China, waliandamana Mei 4, 1919. Wajumbe wa China walikataa kusaini mkataba. Na mawe yenye maneno yale yakaendelea kuwekwa.

Baba yako alijua anasimama mbele ya nini?

Sidhani. Alijua ni Jumapili.

Alifikaje Beijing?

Kwa reli, kabla reli haijakuwepo. TAZARA ilianza kujengwa mwaka 1970 na kukabidhiwa Julai 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Wachina walijua kwamba siku moja watafunga virago, kwa hiyo vijana wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea kazi za reli, katika chuo kilichoitwa wakati ule Chuo Kikuu cha Jiaotong cha Kaskazini. Baba alisomea ishara na mawasiliano. Alirudi na Kichina cha kuombea chai na kuhesabia nguzo za simu, na mazoea ya kunywa maji ya moto matupu ambayo mama aliyavumilia maisha yote.

Picha ni ya mwaka gani hasa?

Ya nusu ya kwanza ya miaka ya 1970. Herufi zinaiweka baada ya 1952, kazi ya baba inaiweka wakati wa mafunzo yake, na kijana wa kwanza kushoto amevaa beji ndogo ya Mao kifuani, ambayo wageni wengi walipewa miaka ile. Majani hayapo kwenye mti mmoja wa pembeni, na wote wamefunga vifungo hadi shingoni, kwa hiyo ilikuwa baridi. Zaidi ya hapo ningekuwa nabahatisha.

Lango la sherehe ni nini, kama halina mlango wa kufunga?

Si la kuzuia mtu. Ni la kumfanya anayepita ajue anapita. Sisi tunalo. Askofu akija Rungwe kutoa kipaimara, akina mama wanasimika migomba miwili njiani, wanaikunja vichwa ikutane, wanachomeka maua. Kiongozi wa serikali akija, hivyo hivyo, na kitambaa cha "Karibu" juu. Kesho yake mbuzi wameshakula nusu. Pembe za Mombasa zinazovuka Barabara ya Moi ni jambo lile lile lililogoma kuondoka: ziliwekwa kwa ajili ya ziara za kifalme za miaka ya 1950, zimebaki mpaka leo, na siyo pembe za tembo kweli, ni bati za aluminiamu.

Wachina walijenga paifang kwa mambo mengi: kumsifu ofisa, kumheshimu mjane aliyekataa kuolewa tena, kuonyesha mwanzo wa mtaa au njia ya kaburi la mfalme. Ndiyo maana lango la kumwombea radhi mgeni lilikuwa jambo la kuumiza. Walichukua umbo la kusifia watu wao.

Nina picha ya lango la Kichina. Nitakuwa na uhakika kwamba mzee wetu alifika China?

Hapana. San Francisco lipo tangu 1970, na mitaa ya Wachina ya Liverpool, London na Yokohama ina yake. Angalia vitu vilivyo pembeni: namba za magari, upande gani wa barabara magari yanapita, lugha ya mabango ya maduka. Lango linaweza kunakiliwa. Mtu hanakili nguzo ya umeme wala kifuniko cha shimo la maji taka.

Nifanyeje na picha yangu kabla ya kuomba mtu anisaidie kuitambua?

Anza na nyuma yake. Piga picha upande wa nyuma hata kama unaona hauna kitu. Muhuri wa studio uliofifia huonekana ukiuelekeza mwanga kutoka pembeni. Usitumie fleshi ya simu, simama karibu na dirisha asubuhi. Kama imegandia kwenye albamu zile za gundi na plastiki, usiivute; skani ukurasa mzima ulivyo. Dada yangu aliivuta moja, tukabaki na harusi isiyo na bwana harusi.

Kama unayo skana ya kuazima, omba nukta 1200 kwa picha ndogo. Andika majina kwa penseli laini, nyuma, pembeni, usikandamize. Hifadhi kwenye bahasha ya karatasi badala ya mfuko wa nailoni, hasa ninyi wa Tukuyu ambako mvua haijui likizo na ukungu unakula picha kama mchwa.

Na muulize mwenye picha angali hai. Muulize nani aliishika kamera. Swali hilo hufungua mengi kuliko "hapa ni wapi?"

Mbona picha ya rangi inayozunguka kwenye simu ina paa la njano?

Mpwa wangu aliipitisha kwenye programu ya kutia rangi. Programu imeona China, ikafikiria majumba ya wafalme, ikapaka njano. Vigae vya lango hili ni vya buluu. Naomba ile ya njano ifutwe.

Wale watatu wengine ni akina nani?

Mmoja tumempata. Anaishi Makambako, macho yamepungua nguvu, na nilimpelekea nakala niliyoikuza kama gazeti. Aliishika karibu na uso muda mrefu. Majina ya wale wawili aliyataja, nami nimeyaandika nyuma kwa penseli. Familia zao zikikubali nitawaambia.

Nikamwuliza kuhusu lango. Hakulikumbuka hata kidogo. Alikumbuka kwamba baba alikuwa amekopa lile koti la kola ndefu kwake na kwamba, baada ya picha, walitafuta bustani nzima mahali pa kuuza chai yenye sukari, wasipate.